Magurudumu ya Bruno

Siku hizi vigari vya watoto vya mtumba vinauzwa hata kando ya barabara, vimepangwa mstari mbele ya maduka, na nikiviona huwa naongeza mwendo. Mwezi uliopita, mjini Morogoro, sikuwahi. Binti yangu ni mjamzito, tulikuwa tumetoka kununua nguo za mtoto, akasimama kwenye kimoja chenye kofia ya kitambaa cha bluu na kuniambia nikishike nione kilivyo chepesi. Nikakishika. Kitambaa kilikuwa kimepigwa jua tangu asubuhi, kikanitolea harufu ya sabuni ya dawa, vumbi, na kitu kama gunia lililolowa. Uso wangu ukawaka kama wa mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Binti yangu akauliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni jua.

Halikuwa jua.

Tulikuwa tukiishi Kilosa, jirani na reli, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge upande wa Rudewa. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana, kuipiga pasi ya mkaa suruali yake ya kaki, na kuondoka kwa baiskeli akiwa ameubana mguu wa suruali kwa kibanio cha nguo ili usiingie kwenye mnyororo. Kisha mitambo ikazimwa. Wakubwa walikuwa wakisema serikali inajitoa kwenye mashamba na wenye fedha zao watakuja kuyachukua. Kwa shamba la kina baba zilizokuja ni nyasi. Baba aliendelea kuipiga pasi ile suruali. Aliivaa, akakaa kibarazani na sanduku lake la vifaa pembeni, akingoja mtu mwenye baiskeli mbovu, na wenye baiskeli mbovu walikuwa wakizifunga wenyewe kwa waya.

Sisi watoto hatukuona shida iko wapi. Ilikuwa miaka ambayo vitu vilikuwa vimerudi madukani, tena kwa fujo: sabuni zenye manukato, dawa za meno za mistari, marobota ya mitumba yakipasuliwa sokoni na watu wakirukia sweta za nchi zenye baridi. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Sikuunganisha kuja kwa vitu vyote hivyo na kukaa kwa baba kibarazani.

Mama ndiye aliyepata kazi. Binamu yake wa Mikumi alimletea habari kwamba kuna bibi wa Kizungu amefungua nyumba ya wageni kule, karibu na barabara kubwa inayopita malori ya Zambia, na anatafuta mwanamke mwaminifu wa kumwangalia Bruno. Mama akafunga nguo zake kwenye kanga na kuondoka na basi la asubuhi, lile la kupitia kijiji cha Ulaya, na baba akabaki na mimi na mdogo wangu Hamisi, ambaye alikuwa bado analilia titi ingawa alikwisha kuachishwa.

Aliporudi mara ya kwanza, mwisho wa mwezi, tulimzunguka jikoni kama kuku. Baba alikaa kwenye kigoda akiwa na kikombe chake cha chai, akauliza huyo Bruno ndiye nani.

"Ndiye ninayemwangalia," mama alisema. "Miguu yake haina nguvu. Hawezi kwenda mbali, namtembeza kwenye kigari."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Baba akakiweka kikombe chini. "Maskini, mtoto wa watu," alisema.

Mama alikuwa anafunua sufuria. Nakumbuka hakugeuka. Alikoroga mboga muda mrefu kuliko mboga ilivyohitaji, kisha akatuuliza habari za shule.

Nimelifikiria lile jikoni mara nyingi kuliko nilivyofikiria harusi yangu. Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, mara moja, na baada ya hapo kila alichosema kilijengwa juu ya ule ukimya. Shuleni kwetu kulikuwa na kina Bruno wawili, wote watoto wa Kikatoliki, mmoja mlinda mlango wa timu ya darasa la sita. Mbwa wa mtaani kwetu waliitwa Simba na Popi. Kwa hiyo nilimwona Bruno vizuri kabisa: mvulana mweupe, mrefu, mwenye madoadoa ya jua puani, miguu yake myembamba imefunikwa blanketi, akisukumwa na mama yangu.

Mama alituhadithia habari zake kila aliporudi, kwa sababu tulimbana. Alisema zamani Bruno alikuwa akitembea na yule bibi kila jioni hadi daraja la reli, na miguu ilipoisha nguvu akawa analala barazani siku nzima akiutazama mlango wa uani. Yule bibi alikuwa na nyonga mbovu, hakuweza kumbeba. Ndipo ndugu zake wa Ulaya wakamtumia kigari. Sasa wanakwenda tena kila jioni, mama na Bruno, na wakifika penye upepo wa mbugani Bruno huinua kichwa na kuvuta pumzi kwa nguvu, kwa sababu tembo huwa wamepita. "Jana alifurahi sana," alisema siku moja, "akatikisa..." Akanyamaza. "Akatikisa kichwa." Mimi nilitikisa kichwa changu gizani kitandani, nikijaribu kupata furaha ya aina hiyo.

Jambo moja lilinitia hofu. Kabla ya kutugusa, mama alizunguka nyuma ya nyumba, penye migomba, akachota udongo kwa mkono na kujisugua viganja hadi kwenye viwiko, kisha akajisuuza kwa maji, tena na tena. Baba alikuwa hayupo saa hizo, yuko msikitini au kwa jirani. Ni mimi tu niliyeona. Na zilikuwepo nguo zake za kazi, zilizofungwa peke yake kwenye mfuko wa plastiki, ambazo hakutaka tuziguse. Nilizinusa. Nikaamua kwamba ugonjwa wa Bruno unaambukiza na mama anatuficha. Tangu hapo kila aliporudi niliitazama miguu yake akipanda ngazi ya kibaraza, kuona kama imeanza kuishiwa nguvu.

Nilipozidiwa na hofu nikamwambia Maalim. Maalim alikuwa mwalimu wetu wa chuo, mzee mwembamba aliyetufundisha Kurani alasiri, mpole kwa watoto wa kike na mkali kwa mtu yeyote aliyechelewa. Sikumweleza habari ya udongo. Nilisema tu kwamba mama anamlea mtoto mgonjwa wa miguu, si Mwislamu, na kama inaruhusiwa kumwombea. Maalim alifikiri, akasema mgonjwa ni mgonjwa. Siku ile, kabla ya kutawanyika, chuo kizima kiliinua mikono. Maalim akataja, "na Bruno," kwa sauti yake ile ya puani, na watoto zaidi ya ishirini wakaitikia amina. Ikawa kila Alhamisi. Nikawa mtu maarufu. Wasichana wakubwa walinikalisha katikati yao na kuniuliza Bruno anaendeleaje, naye katika mdomo wangu alizidi kuwa mzuri, mpole, na karibu ataanza kusimama.

Kisha gurudumu likavunjika. Mama alitueleza kwa huzuni ambayo hata mimi niliiona si ya kazi tu. Kigari kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu na njia za lami, magurudumu yake ni ya plastiki, na changarawe za Mikumi zimelipasua la mbele. Sasa wanafika kwenye kona ya kwanza tu na kurudi. Bruno analia usiku.

Baba aliuliza gurudumu lina upana gani. Mama akaonyesha kwa vidole bila kufikiri, kama mtu anavyojibu swali la fundi, akarudi kazini Jumapili.

Jumatatu baba hakukaa kibarazani. Aliomba ubao wa mninga kwa seremala, akakata magurudumu manne, akayachonga na kuyapiga msasa hadi ukipitisha shavu husikii kitu. Akayavika mpira wa tairi kuukuu. Katikati akaweka beringi alizozitoa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa ya jirani, akaziosha kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi. Aliyazungusha kwa kidole na sisi tukasikiliza: hayakutoa sauti yoyote. Nilikuwa nimesahau kwamba baba hupiga mluzi akiwa kazini. Watu waliopita walisimama, akawaeleza, na wao wakaenda kuwaeleza wengine. Alitengeneza na kiegemeo cha mgongo, ubao wenye sponji iliyofunikwa kitenge, kwa sababu, alisema, mtu asiye na miguu mgongo wake ndio unaofanya kazi yote. Mimi nikamsukia Bruno mpira wa matambara na kamba za katani, mkubwa, wa kurusha kwa mikono.

Baba aliamua tuvipeleke wenyewe. Alitaka kuyafunga kwa mkono wake, na alitaka kumwona mtoto. Hamisi tulimwacha kwa Bi Tatu, jirani yetu, ambaye alitufungia karanga za kumpelekea Bruno. Kwenye basi baba aliniomba nimfundishe salamu ya Kiingereza ya mchana. Alirudia njia nzima, midomo ikicheza bila sauti, akiwa amevaa shati jeupe na kofia yake ya Idi, sanduku la vifaa mapajani na magurudumu ndani ya gunia katikati ya miguu yake.

Tulifika Mikumi baada ya adhuhuri. Mlinzi wa ile nyumba ya wageni alitutazama sisi na gunia letu, akasema leo mama ametoka mapema na Bruno, wanajaribu kufika reli, twende tu hatutapotea. Baba alimshukuru. Mlinzi alitaka kuongeza neno, akaacha.

Tulimwona mama kabla hajatuona. Amevaa gwanda la bluu ambalo sijawahi kuliona, kanga kiunoni, ameinamia kigari, anakisukuma kwa ubavu kwa sababu gurudumu bovu lilikuwa linaburuzika na kukivuta upande. Kofia ya kigari ilikuwa imeshushwa kukinga jua, hatukuona aliyemo. Mama alikuwa anazungumza. Upepo ulituletea maneno, na nikasikia jina langu. Alikuwa anamwambia Bruno kwamba Salma amekuwa wa tatu darasani.

Akainua macho. Nilimwona mama yangu akisimama kama aliyeona nyoka njiani. Lakini baba alikuwa amekwisha kutabasamu, amekwisha kuiweka sawa kofia yake, anakwenda kwa hatua ndefu. Alifika, akainama mbele ya kigari kama mtu anavyomwinamia mtoto wa mwenyeji, akanyoosha mkono na kutoa salamu yake ya Kiingereza yote, bila kosa.

Kutoka chini ya kile kitambaa kikaja kichwa cha mbwa. Mbwa mkubwa, wa rangi ya mchanga, uso umekuwa mweupe kwa uzee, macho yana ukungu wa bluu. Aliunusa mkono wa baba, kisha akaulamba. Aliulamba taratibu, kiganja na vidole, kwa adabu, kama mtu aliyepewa mkono akaupokea.

Baba hakuuvuta. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo. Alibaki ameinama na mkono wake mdomoni mwa mbwa, na tabasamu halikuwa limeondoka usoni kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke. Kisha akasimama wima na kuushikilia ule mkono mbali na shati, mbali na mwili, kama si wake.

"Baba Salma," mama alisema.

Mimi sikujua pa kutazama. Nyuma yetu walikuwa vijana wawili wa pale wamekaa kwenye kalvati, nikawasikia wameacha mazungumzo yao. Mama akainama chini ya kigari. Kwenye mfuko wake wa chini alikuwa na chupa ya maji ya mbwa na kopo dogo la udongo mwekundu.

"Lete mkono," alisema.

Baba akampa. Mama akaumwagia udongo na kuusugua, kiganja, katikati ya vidole, hadi kwenye kifundo, kisha akausuuza kwa maji. Akausuuza tena. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini zile mara saba za kutoharisha mate ya mbwa. Wamesimama katikati ya njia, baba anatazama reli, mama anatazama mkono, na maji yenye udongo yanadondoka kwenye viatu vya baba alivyovipaka rangi asubuhi. Sikuwahi kuwaona wazazi wangu wameshikana mikono nje ya nyumba. Ndipo nikaelewa migomba ya nyuma ya nyumba, na ule mfuko wa plastiki, na kila kitu kikaanguka juu yangu kwa pamoja: wasichana wakubwa, karanga za Bi Tatu, chuo kizima kimeinua mikono. Alipofika saba mama alishika upindo wa kanga ili amfute, akakumbuka kanga imemgusa mbwa, akauachia. Mkono ukakauka wenyewe.

"Gurudumu lipi limevunjika?" baba aliuliza.

"La mbele. La kulia."

Ilibidi Bruno atolewe. Mama akamwinua mikononi kama alivyokuwa akimwinua Hamisi mwenye homa, kichwa cha mbwa kikalala begani kwake. Baba alipiga magoti kwenye vumbi, akafungua sanduku, akayatoa magurudumu yote ya plastiki na kuyafunga ya kwake, moja moja, akikaza nati na kuzijaribu, asiharakishe. Hakupiga mluzi. Alipokitoa kile kiegemeo kwenye gunia alikiangalia, akataka kukirudisha.

"Kiache," mama alisema. "Atalalia."

Akakilaza chini kwenye kigari, kitenge kikiwa juu, na kumweka Bruno juu yake. Mimi nilikuwa nimeuficha mpira wangu nyuma ya mgongo. Bruno ndiye aliyeujua. Alinyoosha shingo upande wangu, masikio yakasimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kile alichokuwa anatikisa.

"Mpe, mwanangu," mama alisema bila kunitazama. "Anapenda mipira."

Nikaurusha ndani ya kigari kutoka mbali na kurudi nyuma. Aliudaka kwa mdomo, akauweka katikati ya miguu yake ya mbele, na kulaza kidevu juu yake. Baba akamwambia mama ajaribu kusukuma. Akasukuma. Kigari kiliondoka juu ya changarawe kimya kabisa, kama kinaelea. Hatukuandamana naye. Baba alisema tuwahi basi, ingawa basi halikuwepo hadi jioni, tukapanda lori la mahindi na kukaa juu ya magunia, tukiuangalia mji unapungua.

Tulikuwa mbali sana aliposema: "Watakuuliza. Sema ni mgonjwa, miguu haina nguvu. Hiyo ni kweli."

"Ndiyo, baba."

Baada ya muda akasema tena, "Na umri ni kumi na mitatu."

Kwa miezi iliyofuata nilijifunza jinsi ukweli unavyoweza kuuma zaidi ya uongo. Bi Tatu aliuliza kama Bruno alizipenda karanga. Baba akasema alishukuru. Watu walimsifu baba kibarazani, fundi aliyemtengenezea mtoto kilema miguu, na yeye aliyapokea maneno yao akiwa ameinamisha uso, wao wakadhani ni unyenyekevu. Alhamisi zilikuwa mbaya kuliko siku zote. Maalim hakusahau hata moja. Akifika kwenye "na Bruno" nilisikia damu inapanda masikioni, nikafumba macho na kufungua mdomo bila kutoa sauti. Niliamini kwamba zile dua zinafika juu, zinafunguliwa, na kwamba wanaozifungua wanatazamana. Niliona wanamtafuta aliyezituma. Nikaacha kula vizuri. Maalim akadhani nina minyoo na kumwambia baba.

Na mama aliporudi nyumbani, yeye na baba walizungumza habari za chumvi na mafuta ya taa. Alijiosha nyuma ya nyumba bila kujificha tena. Baba akimwona huko, aliingia ndani.

Masika yalipoanza mama akarudi katikati ya juma, siku isiyo yake, amelowa hadi kiunoni, macho yamevimba. Alimwambia baba chumbani. Hamisi, ambaye tulimwachia Bruno wake wa zamani, yule mvulana, kwa kuwa alikuwa mdogo mno kutunza siri, alisikia kupitia pazia. Akatoka mbio hadi kwa Bi Tatu kutangaza kwamba Bruno amekufa.

Hatukuwahi kumzuia. Kufikia alasiri wanawake walikuwa wamejaa uani wamejifunika kanga, mmoja ameleta sukari, mwingine unga. Wanaume walikaa na baba kibarazani. Nilimsikia akijibu pole zao, "Tumeshapoa, tumeshapoa," kwa sauti ya mtu anayevuliwa nguo. Bi Tatu alimshika mama bega, akauliza kama yule bibi wa Kizungu alikuwa na mtoto mwingine, au ndiye huyo tu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, analia kweli. Nilitamani aache. Nilidhani analia ili kuwadanganya vizuri zaidi, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, kwamba mama yangu anaweza kufanya hivyo.

Maalim alifika baada ya swala. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, watu wakanyamaza, akainua mikono yake. Wote wakainua yao.

"Maalim, usisome," mama alisema. Alikuwa amejifuta uso. "Bruno alikuwa mbwa."

Mikono ilibaki juu. Kibarazani mtu alikohoa, na nje ya ua mtoto mmoja akacheka, kisha wawili. Mama akaendelea, sasa akimtazama Maalim peke yake, kwamba hakuna aliyeuliza vizuri na yeye hakueleza, na kwamba mume wake na mtoto wake hawakujua hadi walipomwona. Hilo la mwisho alilisema kwa nguvu. Hakutaja kwamba baada ya kumwona tulinyamaza pia.

Bi Tatu aliondoa mkono wake begani kwa mama. Aliuondoa polepole, akautazama, akainuka. Wengine wakafuata, wakiokota ndala zao bila kuagana, na mwenye sukari akaibeba sukari yake. Ua ulipokuwa karibu mtupu Maalim alikuwa bado amekaa, mikono sasa magotini.

"Ulikuwa unampa maji?" aliuliza.

"Kila siku," mama alisema. "Mwishoni kwa kiganja."

Maalim akatikisa kichwa kukubali; ndiye aliyetusimulia chuoni habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Hakugusia zile Alhamisi zote, siku ile wala baadaye. Alivaa viatu vyake, akasema, "Pole, Mama Salma," akatoka, na ndiye pekee aliyempa pole baada ya kujua.

Shuleni walinibwekea muhula mzima. Nikiinuka kujibu swali, kuna aliyebweka nyuma, na hata mwalimu mara nyingine alishindwa kuzuia tabasamu. Nilibadilisha njia ya kwenda mtoni. Bi Tatu alirudi kutuomba chumvi baada ya wiki chache, bila kusema lolote, na urafiki ukaendelea ukiwa na kilema kidogo. Baba akaitwa Fundi Bruno, kwa kejeli kwanza. Kisha mtu akamletea toroli lenye gurudumu bovu, na mwingine mkokoteni, na jina likawa jina tu. Mama alirudi Mikumi kupika kwenye ile nyumba ya wageni hadi yule bibi alipoiuza na kuondoka.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yale machozi hayakuwa ya kuigiza. Na nilikuwa na ushahidi siku ileile, ila sikutaka kuusikia. Watu walipokwisha kuondoka, jua linakaribia kuzama, nilijificha nyuma ya ukuta wa jikoni, nimeziba masikio nisisikie watoto waliokuwa wakibweka barabarani. Mama alikuwa ndani anapuliza moto kwenye kuni zilizolowa. Baba akaja akasimama mlangoni. Alisimama muda mrefu. Nilishusha mikono kidogo, kwa sababu nilidhani sasa ndiyo atamfukuza.

"Yale magurudumu," alisema, "yalishika?"

"Yalishika."

"Hata kwenye changarawe?"

"Hata kwenye tope." Mama akapuliza moto. "Hayakulia hata siku moja."

"Mlikuwa mnafika wapi?"

Nikamsikia akivuta kamasi. "Kuna siku tulivuka daraja," alisema. "Tukaenda hadi kule nyumba zinapoisha. Kulikuwa na twiga, Baba Salma, watatu, karibu kabisa, wanatutazama. Akajiinua. Akakaa mwenyewe, akabweka. Tangu nianze kazi sikuwahi kumsikia akibweka. Nilidhani hana tena sauti hiyo."

Nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni, na mtu akikikalia.